Intaneti ya nyumbani: kampuni zituandikie zinachotuuzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo siku hizi linagonga mageti yetu hapa Moshi. Vijana wa mauzo wa kampuni za intaneti wanapita mtaa kwa mtaa, kuanzia Soweto na Shanty Town hadi huku kwetu Rau, wamevaa fulana za kampuni, vipeperushi mkononi. Wana adabu, wanajua kujieleza, na sina ugomvi nao. Wametumwa kutafuta wateja. Ugomvi wangu ni na karatasi wanayotuachia. Inataja bei kwa herufi kubwa na spidi kwa herufi kubwa zaidi, basi. Yale ambayo mtu anayeishi na intaneti nyumbani anahitaji kuyajua kabla hajatoa pesa hayamo, na ukiyauliza unajibiwa kwa mdomo tu. Mimi nataka yaandikwe.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mama ninayetunza vitabu vya hesabu. Nafanyia kazi nyumbani, chumba cha mbele, na wateja wangu ni wenye maduka, nyumba za wageni na kampuni ndogo za utalii, wengi wa hapa mjini na wachache wa Arusha. Kwa kazi yangu, mwezi una tarehe mbili zisizosogea: tarehe 7, mwisho wa kupeleka kodi ya mishahara ya wafanyakazi, na tarehe 20, mwisho wa ritani ya VAT. Zote zinapelekwa kwa mtandao. Mteja wangu akichelewa anatozwa adhabu, hata kama kosa ni la waya uliokatika mtaani kwangu. Pia nina binti anayesoma chuo na kijana wa sekondari, na jioni kila mmoja ana chake cha kufungua. Kwa hiyo intaneti kwetu imeingia kwenye hesabu ya mwezi pamoja na LUKU na maji, na nyumba za namna hiyo zinaongezeka kila mwaka hapa mjini.

Majirani wakijua kazi yangu huniuliza, "Mama, kampuni ipi nzuri?" Swali hilo halina jibu moja kwa Moshi nzima. Karibu intaneti yetu yote inaingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari na kutokea Dar es Salaam. Seacom ilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimeongezwa baadaye. Kutoka Dar inapanda kwa mkongo wa taifa, yaani waya mkuu wa mawasiliano wa serikali, na njia nyingine mpaka huku kaskazini. Safari hiyo ndefu tunaichangia, na ikipata hitilafu tunaumia pamoja. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, Seacom na EASSy zilipokatika upande wa Afrika Kusini, mtandao ulilegea nchini kwetu na kwa majirani zetu, na aliyelipia kifurushi kikubwa alikaa akisubiri sawa na mwenye bando la siku. Kinachotofautisha nyumba na nyumba siku za kawaida ni kile kipande kifupi cha mwisho, kutoka kwenye nguzo au mnara hadi mezani kwako. Kampuni ileile inaweza kuwa ya kutegemewa Majengo na ya kulia nayo Msaranga. Tangazo la televisheni haliwezi kukuambia habari za kipande hicho. Anayezijua ni fundi, na jirani aliyetangulia kuunganishwa.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Kampuni sitaitaja, maana yaliyonipata yangeweza kunipata kwa nyingine yoyote. Walinifungia redio juu ya paa, kile kisahani cheupe kinachotazamana na mnara. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Masika yalipoanza mambo yakageuka: mvua ikinyesha usiku, asubuhi intaneti inajikokota mpaka jua lipande na kukausha majani, ndipo inarudi. Nilipiga simu huduma kwa wateja nikaambiwa nizime ruta niiwashe. Nikazima, nikawasha. Hatimaye alikuja fundi, kijana mtaratibu, akapanda juu ya bati, akachuchumaa nyuma ya kile kisahani na kutazama kilikoelekea, kisha akaniita nipande ngazi nijionee. Kati ya paa langu na mnara kulikuwa na safu ya migrevilea ya jirani, ile tunayoipanda mipakani. Siku ya kufunga redio ilikuwa bado chini ya njia ya mawimbi. Sasa vilele vilikuwa vimeingia katikati. Majani makavu yanapunguza mawimbi kidogo, lakini yakishalowa yanayameza. "Mama," akaniambia, "hapa ni kuinua mlingoti au kukata miti." Miti si yangu. Mlingoti mrefu, kampuni ikasema, ni gharama ya mteja. Katika karatasi nilizosaini hakuna mahali palipotajwa mti, mlingoti, wala nani alipe njia ikizibwa.

Ndiyo maana nasema anayeuziwa redio ya paani amwombe fundi apande juu kabla pesa haijatoka, atazame mnara ulipo na miti iliyopo, na aandike alichokiona. Moshi ni mji wa miti, na huko Kibosho, Uru na Old Moshi kuna migongo na mabonde ambayo hayasogezwi. Unaweza kuwa karibu na mnara kabisa kwa kipimo cha ramani, na mgongo wa mlima umekaa katikati yako na huo mnara.

Kwa ruta ya laini ya simu, iwe ya 4G au ya 5G ambayo ilianza nchini mwaka 2022, kipimo ni rahisi zaidi na hakihitaji fundi. Azima simu yenye laini ya kampuni hiyo, kaa nayo kwenye chumba kilekile utakachoweka ruta, saa mbili hadi saa nne usiku, upime spidi. Usipimie barazani, usipimie saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Mnara unagawanywa kwa wote walio chini yake, na jioni ndipo watu wamerudi, watoto wanaangalia video na wanafunzi wa vyuo wako mitandaoni. Spidi ya usiku ndiyo utakayoishi nayo. Uzuri wa ruta hizi ni kwamba mpangaji akihama anaibeba pamoja na vyombo vyake, na Moshi tuna wapangaji wengi. Kwa anayehama mara kwa mara, au anayeishi kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe, hiyo inaweza kuwa sababu tosha ya kuichagua hata kama spidi yake inapanda na kushuka.

Faiba ndiyo iliyo bora ikifika, hilo silipingi. Inabeba mwanga ndani ya uzi wa kioo, haijali mvua wala mti, na haichoki kwa umbali kama ilivyokuwa waya wa shaba wa simu za zamani. TTCL, shirika letu la umma, lina mpango wa kuifikisha majumbani, na kampuni binafsi nazo zinaivuta mitaani. Lakini hapa pia kuna jambo ambalo vipeperushi havisemi. Faiba kuonekana kwenye nguzo ya mtaani kwenu ni jambo moja, na nafasi yako kwenye nguzo hiyo ni jambo lingine. Nguzo chache chache zina kisanduku cheusi, na kila kisanduku kina matundu ya kuunganishia nyumba, pengine manane, pengine kumi na sita. Yakijaa yamejaa. Jirani yangu mmoja, mama muuza vitenge, aliambiwa faiba imefika mtaani, akalipa, fundi akaja na roli la waya begani, akapanda ngazi, akafungua kisanduku, akakifunga, akashuka. Matundu yote yalikuwa na watu. Mama wa watu akaambiwa asubiri kampuni ilete kisanduku kingine, na lini kitaletwa hakuna aliyejua. Pesa yake ilikwishaingia kampuni. Swali la kuuliza, basi, ni hili: kwenye kisanduku kitakachonihudumia kuna tundu wazi leo? Fundi anaweza kulijibu kwa dakika chache, akiwa amesimama kwenye ngazi.

Na mwanga ule mmoja unaotoka kituoni unagawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Si kosa, ndivyo faiba za majumbani zilivyotengenezwa, na zikipangwa vizuri kila mtu anatosheka. Shida inakuja kampuni inapoendelea kuunganisha watu bila kuongeza uwezo huko nyuma, ndipo unakuta faiba safi, taa zote za kijani, na saa tatu usiku video inazunguka tu.

Nije kwenye spidi, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Spidi inayotangazwa ni ya megabiti kwa sekunde. Mafaili tunayotumiana yanapimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 20 anapakua, mambo yakiwa mazuri, megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, si ishirini. Nimeona mteja wangu mmoja akimfokea wakala dukani kwamba ameibiwa, kumbe spidi aliyolipia alikuwa anaipata. Wakala naye hakujua kumweleza. Nilisikitika kwa ajili ya wote wawili, kwa sababu mstari mmoja kwenye kipeperushi ungemaliza ugomvi ule.

Halafu kuna spidi ya kupakia, yaani ya kutoka kwako kwenda nje. Vipeperushi vingi havigusi kabisa habari hiyo. Kwa mtu anayetazama filamu tu haina uzito. Kwa mimi ninayetuma vitabu vya wateja vilivyoskaniwa, kwa mwalimu anayefundisha kwa video, kwa kijana anayehariri picha za watalii na kuzirusha kwa mteja, hiyo ndiyo spidi ya kazi. Kuna vifurushi ambavyo spidi ya kushusha ni kubwa na ya kupakia ni kidogo sana, na mteja anakuja kuligundua hilo kwenye mkutano wa video, wenzake wakimwambia sura yake imeganda.

Upande wa pili, watu wengi wanauziwa spidi wasiyoihitaji, na hili linaniuma zaidi kwa sababu linawapata wazee. Nyuma ya nyumba yangu anaishi mama mmoja nesi mstaafu, peke yake. Anachotaka ni kuona wajukuu wake walio nje ya nchi kwa video jioni, kusikiliza ibada na kutazama taarifa ya habari. Kijana wa mauzo alikuja nikiwepo. "Shikamoo mama. Mama chukua hii kubwa, hii ndogo itakusumbua." Kubwa ilikuwa ya megabiti 50. Filamu yenye picha safi inatosheka na megabiti 5 hivi. Simu ya video ya watu wawili inahitaji chini ya hapo. Megabiti 10 za kweli, zisizoyumba, zingemtosha mama huyu na kubaki. Nilimwambia hivyo mbele ya kijana, na kijana, kwa heshima yake, hakubisha. Lakini ni wazee wangapi wanaotembelewa wakiwa peke yao, pensheni ndiyo hiyohiyo, na wanasaini kifurushi cha nyumba ya watu wanane?

Kuna na hili la kuuziwa "bila kikomo". Nimesoma masharti ya kampuni zaidi ya moja, yale maandishi madogo, na mara nyingi kikomo kipo. Ukishatumia kiasi fulani cha gigabaiti ndani ya mwezi, spidi inashushwa mpaka mwezi mpya. Sipingi kampuni kuweka kiwango. Inawalinda wengi dhidi ya mmoja anayekomba mtandao usiku kucha. Ninachotaka ni kiwango hicho kiandikwe pale pale kwenye bei. Tupige hesabu ya kawaida. Video ya picha safi inakula gigabaiti 3 hivi kwa saa. Familia ikitazama saa tatu kila jioni ni gigabaiti 9, na kwa siku 30 ni gigabaiti 270, kabla hujahesabu masomo ya watoto, simu za video na simu zote za nyumbani zinazojisasisha zenyewe. Kama kiwango ni gigabaiti 200, familia hiyo itaishiwa kasi wiki ya mwisho ya kila mwezi, na itadhani ruta imeharibika.

Kwenye ruta pia niseme neno, kwa haki ya kampuni. Malalamiko mengi ninayoyasikia ni ya ukuta. Nyumba zetu nyingi ni za tofali nzito na nondo, na watu wanaweka ruta kwenye kona ya sebule, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la vyombo ili watoto wasiiguse. Kisha chumba cha mwisho hakuna mtandao na kampuni inatukanwa. Waifai ya gigahezi 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi lakini kasi yake ni ndogo na inagombana na ruta za majirani. Ya gigahezi 5 ina kasi, ila ukuta wa pili unaimaliza. Kabla hujapiga simu, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime. Kama kwa waya spidi ni nzuri, tatizo liko ndani ya nyumba yako. Fundi anayefunga angepaswa kutembea na mteja chumba hadi chumba kabla hajatoboa ukuta, lakini wengi wanafunga karibu na dirisha waya ulipoingilia kwa sababu ndiko kazi inakoisha haraka.

Na umeme. Kukatika kwa umeme tumekuzoea, na ruta bila umeme ni plastiki tu. Ruta nyingi zinatumia volti 12, na kuna vibetri vidogo vya kuiwasha kwa saa kadhaa. Nimekiweka kwangu na sijutii. Lakini kibetri chako hakisaidii kitu kama mnara au kituo cha mtaa hakina betri nzima. Hilo nalo ni la kuuliza: umeme ukikatika mtaani, upande wenu unadumu muda gani? Siku ya tarehe 20 jibu la swali hilo lina thamani kwangu kuliko megabiti zozote za nyongeza.

Bei nitaipitia haraka kwa sababu kila mtu anaijua kuisoma. Ongeza tu ada ya kuunganishwa, uulize ruta ni yako au ni ya kuazima, na kama VAT imo ndani ya bei uliyotajiwa au inakuja juu yake. Uliza ukihama nyumba inakuwaje.

Matengenezo ndiyo yanayonikosesha usingizi. Waya wa faiba mtaani unakatwa na lori la mchanga lililojaza kupita kiasi, na watu wanaochimba mtaro, na mti ulioanguka. Haya hutokea, na hakuna kampuni inayoweza kuapa kwamba hayatatokea. Kwenye kile kifaa cha faiba kuna taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kwako, na hapo uzime uwashe mpaka kesho, hakuna kitakachobadilika. Mteja akipiga simu na kusema taa hiyo ni nyekundu, anayepokea angepaswa kutuma fundi papo hapo. Badala yake anaanzishiwa maswali ya mwanzo kabisa, anasikilizishwa muziki, kisha anaambiwa "mafundi wameshaarifiwa". Mafundi gani, wa wapi? Kama timu iko Moshi, wanaweza kufika siku hiyohiyo. Kama inatoka Arusha, kilometa 80 zile zinasubiri gari, zinasubiri malalamiko yatimie ya safari moja. Wateja wa Boma Ng'ombe na Himo wanalijua hili kuliko mimi.

Na siku zote hizo mwezi unaendelea kuhesabiwa. Nimelipia siku 30, nimekaa gizani siku kadhaa, na tarehe ya kulipa imebaki palepale. Mimi huwa naandika kwenye daftari kila mara mtandao unapokatika, saa ulipokatika, saa uliporudi, na namba ya malalamiko niliyopewa. Ni mazoea ya kazi. Nilipowapelekea kampuni ile ya redio ya paani daftari langu nikiomba siku zangu, dada wa dawati la mbele alinihurumia kwa kweli, lakini akasema mfumo wao hauna mahali pa kuongeza siku. Mfumo wenye mahali pa kukata huduma usiku wa manane siku uliyochelewa kulipa hauwezi kukosa mahali pa kumrudishia mteja siku zake. Ni kwamba hakuna aliyetakiwa kupaweka.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, Mhariri. Ukienda kituo cha mafuta, pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo. Muuzaji hawezi kukwambia lita "hadi kumi" na ukashukuru kwa utakachopata. Kwenye intaneti bado tunanunua kwa kuamini uso wa kijana wa mauzo. TCRA, mamlaka inayosimamia kampuni za mawasiliano, ipo tangu mwaka 2003, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha, na kuna kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018. Kuna pia baraza la kuwasemea watumiaji wa huduma za mawasiliano. Mteja aliyelalamika kwa kampuni yake kwa maandishi na asiposikilizwa anaweza kupeleka suala lake huko, na nawasihi wasomaji walifanye hilo, wakiwa na namba za malalamiko na tarehe zake. Lakini malalamiko yanakuja baada ya pesa kutoka. Ninachoomba ni kitu cha kabla.

Kila kampuni itakiwe kumpa mteja karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye anuani ya nyumba yake na sahihi ya fundi aliyefika, kabla ya kupokea shilingi. Iseme huduma itapita wapi, nguzo ipi au mnara upi, na kama nafasi ipo leo. Iseme spidi ya chini kabisa ambayo kampuni inaahidi saa tatu usiku, ya kushusha na ya kupakia. Iseme gigabaiti ngapi zikifika spidi inashuka, na inashuka hadi ngapi. Iseme mafundi wa kuhudumia mtaa huo wanakaa mji gani, na huduma ikikatika zaidi ya siku moja, siku hizo zinaongezwa mwisho wa mwezi bila mteja kupiga magoti. Kampuni inayojiamini haitapata shida kuijaza. Nadhani hata vijana wa mauzo wangefurahi, kwa sababu wao ndio wanaokutana nasi sokoni Mbuyuni baada ya ahadi kuvunjika.

Kwa wenzangu wa mitaani, nawaomba jambo hili lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa, lizungumzwe pamoja na taka na ulinzi. Nyumba moja ikiomba kisanduku kwenye nguzo inaambiwa isubiri. Nyumba ishirini zikiandika barua moja yenye majina na namba za simu, iliyogongwa muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa, meneja wa mauzo atakuja mwenyewe na gari. Na huyo meneja akija, aulizwe maswali haya mbele ya watu, majibu yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi la mwisho. Gazeti lako lina waandishi Moshi na Arusha. Watume wapime spidi saa tatu usiku kwenye mitaa ya kawaida, Pasua, Njoro, Kiboriloni, Sakina, Njiro, Unga Limited, kwa kila kampuni inayouza huduma huko, na mchapishe matokeo kwa majina ya mitaa na ya kampuni, mwaka huu na mwaka ujao. Mkianza na Rau, daftari langu lipo na nitalitoa lote lipigwe picha.

Wako,

Mtunza vitabu wa hesabu
Rau, Moshi